Alama za Vidole Zilizofutwa na Jembe

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1990 kuwa iwe Siku ya Wazee Duniani, hotuba husomwa Bara na Visiwani, na katika kila hotuba mzee huitwa hazina ya taifa. Hatuna ugomvi na sifa hiyo. Leo, hata hivyo, tunataka kuliweka kando jina hilo kubwa na kuzungumzia kitu kidogo, chenye upana wa ncha ya kidole, kwa kuwa ni katika kitu hicho kidogo ambamo haki za wazee wengi zinakwama.

Tarehe 1 Mei 2019 ilianza nchini kazi ya kusajili upya laini za simu kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Muda wa mwisho uliwekwa 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Madhumuni yalikuwa mema: kuwabana matapeli na wahalifu waliojificha nyuma ya namba zisizo na mwenyewe. Vijana walipita mezani kwa dakika chache. Mzee aliyelima maisha yake yote aliweka kidole, na kioo kikakikataa. Akaambiwa apanguse mkono, kikakataa tena. Akajaribu kidole cha pili na cha tatu, foleni nyuma yake ikianza kunung'unika.

Hapo hapana muujiza wala kosa la mzee. Ngozi ya mtu aliyezeeka hukauka na kupungua unyumbufu, na ile mistari myembamba inayosomwa na mashine husagika kwa kazi ya mkono ya miaka 40 au 50. Kwa hiyo mashine humkataa mtu kwa sababu amefanya kazi. Karani aliyestaafu, ambaye mkono wake haukuzoea kushika kitu kizito kuliko kalamu na muhuri, husomwa mara moja.

Ili jambo hili lieleweke vyema, tunamwomba msomaji aandamane nasi hadi Mbuji. Msomaji wa Mkoani au wa Makunduchi ana haki ya kuuliza Mbuji ni wapi na inamhusu nini yeye mtu wa kisiwani. Mbuji ni kata ya Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kusini-magharibi kabisa mwa nchi yetu, katika milima ya Umatengo. Wenyeji huijulisha kwa wageni kwa jiwe lake kubwa. Upande wa machweo milima hiyo huteremka hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, kwenye Mbamba Bay na Liuli, eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Ni mbali na bahari, lakini si mbali na jambo tunalolizungumza.

Wamatengo hulima kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda bila mzigo. Nao waliutatua ugumu huo kwa ustadi wao wenyewe, vizazi vingi kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika, kwa kilimo kinachoitwa ngoro. Majani hukatwa, hulazwa yakauke, kisha hupangwa mistari inayokatana na kuacha miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia majani yale, hata mlima mzima ukawa na vishimo vilivyopakana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hutuama vishimoni badala ya kubomoa mlima, na majani yaliyofukiwa huwa mbolea ya maharage na mahindi. Wataalamu wa nchi za mbali wameandika vitabu kuusifu ustadi huo. Aghalabu kukata majani na kuyapanga ni kazi ya wanaume, na kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake. Hebu tuhesabu: mwanamke aliyeanza kuchimba ngoro akiwa msichana wa miaka 15, na akaacha akiwa na miaka 70, amegeuza udongo wa mlimani kwa miaka 55. Ndiye huyo anayeambiwa na kijana mwenye mashine kwamba hana alama za vidole.

Visiwani nako hesabu ni hiyo hiyo. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na waliokipokea zaidi ni wanawake. Aliyekuwa na miaka 35 wakati huo alitimiza miaka 70 mwaka 2024. Mikono iliyofunga mwani kwenye kamba ndani ya maji ya chumvi kwa miaka mingi hivyo, pamoja na mikono iliyopiga makumbi na kusokota kamba za usumba, na ile ya wachumaji wa karafuu wa Pemba, imo katika daraja moja na mikono ya Mbuji.

Zamani Wamatengo walikuwa na utaratibu walioita sengu. Watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa babu, wakala pamoja, na papo hapo mambo ya ukoo yakazungumzwa na kuamuliwa. Katika sengu mzee hakuhitaji kuthibitisha kwamba yeye ni nani, wala hakuulizwa namba. Alikuwa na chakula kwa kuwa wote walikula, na alikuwa na kauli kwa kuwa baraza lilikuwa lake. Kisha ilikuja kahawa, ikaleta fedha na shule, na shule zikawapeleka vijana Songea na Dar es Salaam. Visiwani vijana walipanda meli na ndege, wakaenda Dar es Salaam vile vile, na Muscat, na London. Hatuyasemi haya kwa kuomboleza. Hakuna serikali inayoweza kuirudisha sengu kwa waraka, na hatudhani kwamba vijana wa Mbuji wangekubali kurudi mlimani kwa ajili ya hotuba. Twasema tu kwamba kazi iliyofanywa na sengu haina budi ifanywe na kitu kingine, na kwamba kitu hicho siku hizi ni fedha kidogo na vyombo vichache.

Kwa upande wa fedha, Visiwani vimetangulia. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 Sh. 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuchangia mfuko wa pensheni au hakuchangia, awe na uwezo au awe kabwela. Kiwango hicho baadaye kilipandishwa hadi Sh. 50,000. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki kwa serikali kuwalipa wazee wote pensheni ya namba hiyo kutoka katika mfuko wake yenyewe. Mwaka 2020 ikafuata sheria ya mambo ya wazee. Mzee wa Mbuji hana pensheni ya aina hiyo. Yeye ana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, yenye maneno mengi mazuri, likiwemo la matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Na kama kaya yake ilionekana kuwa maskini ya kutosha, aliingizwa katika mpango wa TASAF, ambao huangalia umaskini wa kaya na si umri wa mtu. Ndugu zetu wa Bara hawana sababu ya kuona haya kujifunza kutoka Unguja na Pemba katika jambo hili. Muungano una faida nyingi, na moja ni hiyo ya upande mmoja kuonyesha kwamba jambo lililodhaniwa kuwa haliwezekani linawezekana.

Lakini fedha ikishatengwa inabaki safari ya kuifikisha mkononi. Malipo ya TASAF yalianza kwa fedha taslimu kijijini, kisha, hasa katika kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020, yakaelekezwa kwa kasi zaidi kwenye simu na benki. Hatuipingi simu, na atakayetusoma hivyo atakuwa hakututendea haki. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, mtoto aliyeko Kariakoo humtumia mama yake fedha kabla maji ya chai hayajachemka, na mzee wa milimani ameokolewa nauli na siku nzima ya njiani kwenda mjini Mbinga kufuata bahasha. Kwa mzee anayeishi peke yake, simu yenye salio na betri iliyojaa ni jirani asiyelala. Kama kuna chombo kimoja cha zama hizi ambacho kingeweza kumwezesha mzee kukaa nyumbani kwake, kwa heshima yake, bila kuwa mzigo kwa mtu, ni hicho.

Kinachotusikitisha ni namna chombo hicho kinavyogeuzwa. Mzee ambaye kidole chake kimekataliwa hushauriwa, tena kwa nia njema, asajili laini kwa jina la mjukuu. Maandishi ya simu ni madogo na macho yake hayaoni karibu, basi namba ya siri anaijua mjukuu. Fedha ya mzee huingia katika simu ambayo kisheria ni ya mtu mwingine, hutolewa na mtu mwingine, na mzee hupewa kile alichoambiwa kuwa ndicho kilichoingia. Wajukuu wengi ni waaminifu, na Mungu awalipe. Lakini mjukuu huoa, huhama, hugombana na wazazi wake, hufariki dunia. Na siku hiyo mzee hugundua kwamba katika daftari la taifa hakuna mahali palipoandikwa kwamba fedha ile ilikuwa yake. Mtu aliyelipwa taslimu chini ya mwembe mbele ya macho ya kijiji kizima alikuwa na uhuru mkubwa zaidi kuliko huyu.

Tunajua jibu litakalotolewa na maafisa, nalo si jibu jepesi. Watasema kwamba mashine ililetwa kwa sababu daftari la mkono lilikuwa na majina ya marehemu. Ni kweli. Mwaka 2016 taifa zima lilisikia habari za wafanyakazi hewa, na katika orodha za misaada ya kaya maskini nako wakapatikana walengwa wasiostahili. Fedha ya mzee wa kweli ililiwa na mzee wa karatasi. Basi hatuombi mashine zitupwe ziwani. Tunasema kwamba mashine inayoshindwa kumsoma mzee haijathibitisha kwamba mzee huyo si yeye. Imethibitisha tu kwamba imeshindwa. Palipo na hitilafu ya mashine, mzigo wa kuitafutia njia ni wa ofisi iliyoinunua.

Wengine wamekwishalipitia jambo hili. India, yenye kitambulisho cha alama za mwili kiitwacho Aadhaar na raia zaidi ya bilioni moja, ilikuta vibarua na wazee wakirudishwa mikono mitupu kwenye maduka ya chakula cha bei nafuu kwa sababu vidole vyao havikusomeka. Oktoba 2017 serikali yake iliagiza kwamba mtu asinyimwe chakula kwa sababu hiyo, bali atambuliwe kwa njia nyingine, na kila tukio la namna hiyo liandikwe katika daftari lake maalumu. Novemba 2021 nchi hiyo ikaruhusu wastaafu wake wathibitishe kuwa wangali hai kwa kupigwa picha ya uso kwa simu, nyumbani walikokaa. Si kwamba matatizo ya India yalikwisha, la hasha. Ila walikubali kwamba uso nao ni wa mtu.

Nasi tuna njia ambazo hazihitaji hata umeme. Mwenyekiti wa kitongoji wa Mbuji anawajua wazee wake kwa majina, kwa mashamba na kwa magonjwa yao. Sheha anawajua wake. Mtu mmoja akiachiwa kazi hiyo peke yake anaweza kushawishika, na hilo limewahi kutokea. Kwa hiyo wawekwe watatu, kiongozi na majirani wawili ambao si jamaa, watie saini kwa pamoja mbele ya afisa, picha ya mzee iambatanishwe, na orodha isomwe hadharani kijijini au katika shehia. Mzee hewa hawezi kuvumilia orodha inayosomwa mbele ya watu waliomzika. Mzee asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani. Na laini iwe kwa jina lake mwenyewe, hata kama kidole kilichotumika kuisajili kilishindwa mara kumi.

Tumesema vyombo vichache, si simu peke yake. Siku hizi mtu akitaja teknolojia kwa wazee, mawazo huruka mara moja hadi kwenye mitambo ya Japani na saa zinazopima mapigo ya moyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya bilioni 2.5 wanaohitaji angalau chombo kimoja cha kusaidia mwili, ikaeleza kwamba karibu bilioni moja hawakipati. Na vyombo vilivyotajwa humo mwanzoni kabisa ni vitu ambavyo babu zetu wangevitambua: miwani, kiti cha magurudumu, chombo cha kusaidia masikio. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh miongoni mwa watu wa miaka 35 hadi 65: waliopewa miwani ya kusomea, ile ya kawaida inayouzwa bila mbwembwe, mapato yao yalipanda kwa thuluthi moja katika miezi minane. Huko Mbuji miwani ni tofauti kati ya kuchambua kahawa na maharage kwa macho yako mwenyewe na kuomba mtu akuchambulie. Visiwani ni tofauti kati ya bibi anayeendelea kushona kofia za viua na bibi aliyeacha sindano akiwa na miaka 50 huku mikono yake ingali na nguvu. Tena mwenye miwani huisoma namba ya siri yake mwenyewe. Pengine nusu ya tatizo la mjukuu tulilolieleza hapo juu lingekwisha kwa kipande cha kioo.

Yapo na mengine ya aina hiyo hiyo. Milima ya Umatengo ina chemchemi juu na nyumba chini, na kwa hiyo maji ya mserereko, yanayoteremka kwa bomba bila mashine wala mafuta, yanaweza kumfikia ajuza mlangoni pake. Bomba hilo humwongezea miaka ya kujitegemea kuliko dawa nyingi. Katika kijiji cha Kindimba, wilaya hiyo hiyo ya Mbinga, wanakijiji walishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, na kamati ya kuisimamia ikachukua jina lile la zamani la sengu. Hilo limetufurahisha kuliko tunavyoweza kueleza. Taa ya jua kando ya kitanda humwepusha mzee na kuanguka usiku, na kuanguka ndiko mara nyingi kunakomaliza uhuru wa mtu ambaye hadi jana yake alikuwa akienda shambani. Fimbo yenye kizibo cha mpira chini si jambo la kuchekwa kwenye mteremko uliolowa.

Nani atavifikisha vyombo hivi? Watu wapo. Zanzibar ilianzisha mwaka 2019 mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wa kujitolea huzitembelea kaya wakiwa na simu inayowaongoza nini cha kuuliza na lini warudi; kazi yao ya mwanzo iliwahusu mama wajawazito na watoto wadogo. Bara nako ulizinduliwa Januari 2024 mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya wa jamii kwa maelfu. Wahudumu hao wanapita mlangoni kwa mzee wakienda kumwona mtoto. Ingetosha simu yao ikaongezewa maswali matano: Je, mzee anaona karibu? Anasikia? Aliwahi kuanguka mwaka huu? Fedha yake anaipokea nani? Laini iko kwa jina la nani? Majibu ya swali la nne na la tano yangeifundisha Serikali mambo ambayo hayamo katika taarifa yoyote ya utekelezaji.

Tunajua kwamba miwani, mabomba na mafunzo ya wahudumu huhitaji bajeti, na bajeti husubiri Juni. Suala la kidole halisubiri bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka Dodoma na mwingine kutoka Unguja, unaowaambia watendaji kwamba hakuna mzee atakayerudishwa bila malipo wala bila laini kwa sababu kioo kimemkataa, na unaotaja mashahidi ni nani na afisa gani atatia saini.

Wakati waraka huo unaandaliwa, tunawauliza maafisa walio vituoni, wa Mbinga na wa Chake Chake, swali moja tu. Mzee aliyekataliwa na mashine mara tatu, katika kituo chako huandikwa wapi? Kama jibu ni kwamba haandikwi popote, daftari la kurasa 100 linapatikana katika duka lolote la vitabu vya shule, na safu zake ni nne: jina la mzee, kitongoji au shehia yake, tarehe aliyokuja, na tarehe aliyolipwa.